Tairi Pana la Kwenda Ukweni

Mimi nilifika darasa la tatu nikatoka. Sikufukuzwa, niliona inatosha.

Kazi yangu ilikuwa baiskeli. Nilikaa Bagara chini ya upenu wa duka ambalo halikuwa na kitu cha kuuza, kwa hiyo mimi na mwenye duka hatukusumbuana. Ilikuwa miaka ile ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, na tairi la baiskeli lilikuwa la kibali: unaandikwa jina, unangoja, likifika limefika moja na mmeandikwa kumi na wawili. Basi tulishona. Tairi lililopasuka nililipiga uzi wa nailoni, ndani nikaweka kipande cha tairi lingine, likaenda. Sijui kama vijana wa leo wanaweza kushona hata kifungo.

Katika shida ile kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika na wote waliifuata: jaza upepo mpaka tairi liwe jiwe. Sababu ilikuwa ya kweli. Tairi likilegea na mzigo ni mzito, ringi inaibana tyubu juu ya jiwe na kuitoboa matundu mawili, kama ameuma nyoka. Na tyubu nyingine hakuna. Kwa hiyo mtu aliyeendesha tairi lenye upepo kidogo tulimwona kama anayemwaga unga njiani.

Aliyeiamini sheria hiyo kuliko wote ni mzee mmoja aliyekaa mlimani juu ya Bonga. Alikuwa tarishi mstaafu, amepeleka barua kwa baiskeli tangu ujana wake. Alikuwa na binti, na binti huyo ndiye niliyemtaka.

Nilimtuma mjomba akapose. Habari ya ng'ombe ikazungumzwa ikaisha. Likabaki dumu moja la pombe ya asali, na mzee alitaka nililete mwenyewe, nikiwa juu ya baiskeli, mpaka mlangoni kwake.

"Anasema fundi baiskeli asiyeweza kupanda kwake na baiskeli ni fundi wa maneno," mjomba akaniambia.

"Pombe nitaipata."

"Pombe siyo shida. Wewe hujaiona ile njia."

Asali kweli ilikuwepo. Nyuki hawakuwa wanangoja kibali.

Nilikwenda Jumamosi, katikati ya masika. Magurudumu yote mawili niliyajaza mpaka ukiyagonga kwa kidole yanalia. Mpaka Bonga nilikwenda kama bwana shamba. Kisha nikaacha barabara ya Dodoma nikaanza kupanda. Njia ile ina mawe ya mviringo yaliyolala ndani ya udongo mwekundu, na mvua ikinyesha yanakuwa kama yamepakwa samli. Tairi jembamba lililojaa linagusa jiwe mahali padogo kama sarafu. Nilikanyaga, gurudumu la nyuma likazunguka, mimi nikabaki pale pale. Nikakanyaga tena. Mara ya tatu nikalala ubavu, kifuniko cha dumu kikaruka, na pombe ikateremka kurudi Bonga bila mimi.

Nilifika kwa miguu, nina tope mpaka masikioni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Baiskeli imekuleta au wewe umeileta?"

"Nimeileta."

Akalitikisa dumu. "Na hii iliyobaki ni ya nani? Ya kuku?"

"Nimeanguka, baba."

"Upepo ulijaza?"

"Nilijaza."

Akalibonyeza tairi kwa gumba. Halikubonyea hata kidogo, akaridhika. "Basi tairi halina kosa. Kosa ni mguu."

Akanipa mwezi mmoja. Aliniambia pia, bila kuulizwa, kwamba kuna mwalimu wa Mutuka ameshaanza kupita pita pale, ana baiskeli na ana vyeti. Binti alikuwa mlangoni anapepeta maharage. Aliinamia ungo, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Nilijua anacheka, na sikujua anamcheka nani.

Wakati huo pale mjini alikuwepo Mzungu mmoja, mtaalamu wa miti, mwenye baiskeli ya milimani. Matairi yake yalikuwa manene, yana meno, watu wakasema ni trekta iliyoachishwa ziwa. Siku moja aliniletea baiskeli hiyo, ringi ya nyuma imepinda. Nikabonyeza tairi, gumba likazama.

"Una pancha," nikamwambia.

"Sina. Ndivyo ninavyotaka." Kiswahili chake alikisoma kitabuni, kilikuwa safi kuliko changu.

"Unataka kuua tyubu?"

"Nataka lishike. Tairi pana lenye upepo kidogo linalala juu ya jiwe. Lako linasimama juu yake."

Mimi simwamini mtu kwa sababu ametoka mbali. Nikainyoosha ringi kiasi cha kuzunguka tu, nikamwambia apande ukingo wa mtaro ulio nyuma ya duka, uliokuwa umelowa na mbuzi walikuwa wanaushindwa. Akapanda, akafika juu, akaniuliza kama ashuke apande tena. Nikasema imetosha. Tairi lilishika ule udongo kama ulimi wa ng'ombe unavyoshika jiwe la chumvi.

Baada ya wiki mbili aliletewa gurudumu jipya. Ringi iliyopinda na tairi lake kuukuu akaniachia kwa kazi niliyomfanyia.

Hapo ndipo nilipofanya upumbavu. Tairi langu liliandikwa ishirini na nane, lake ishirini na sita. Nikajiambia, mbili ni kitu gani? Hata mkanda wa suruali una matundu matano. Nikalichemsha tairi lile kwenye pipa ili lilainike, nikalivuta juu ya ringi yangu kutwa nzima. Nilivunja vijiko viwili vya kufungulia matairi na kujichuna vidole. Pembeni mwa tairi mna waya, na waya hauchemki ukalainika. Jioni nikachukua kamba, nikaizungusha kwenye ringi yangu, kisha kwenye ringi yake. Tofauti ilikuwa shubiri nzima. Toka siku hiyo namba za matairi nazisikiliza, lakini ninayoiamini ni kamba.

Basi nikamalizia kuinyoosha ringi ya Mzungu. Habu yangu, ile ya katikati inayoshika spoku, ilikuwa na matundu arobaini, ringi yake thelathini na sita, manne nikayaacha wazi. Spoku zangu zilikuwa ndefu mno, nikazikata upande wa kichwa nikazikunja ndoano. Tairi lilisugua fremu, nikaipasha fremu moto nikaibonyeza. Nyuma baiskeli ikashuka kama fisi. Breki ya nyuma haikuifikia tena ringi, nikaing'oa. Mlima wa kupanda hauhitaji breki.

Kisha nikafunga gunia la mchanga kwenye keria, uzito wa dumu, nikaenda mtaroni. Nikiwa nimejaza sana, liliteleza hata lile pana. Nikitoa sana, baiskeli iliyumba kama mlevi na ringi ikagonga mawe. Baada ya siku nne nilikipata kipimo: mzigo ukiwa juu, gumba lizame nusu ya kucha. Wala usidhani upana unafaa kila mahali. Kwenye tope jeusi lilijaza udongo kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likagoma, na pale jembamba ni bora, linakata linafika chini palipo pagumu. Wanaosema pana ni pana tu hawajasukuma baiskeli Mutuka masika.

Siku ya mwisho ya mwezi wangu mvua ilikuwa imenyesha. Sikungoja pakauke. Mawe yalikuwa yale yale na samli yake. Nilikanyaga taratibu, makalio nimeyarudisha nyuma ili uzito ukae juu ya lile tairi, na kila jiwe nililihisi linalikunja kisha linaliachia. Pedali ziligonga chini mara kadhaa. Mahali nilipoangukia sikupatazama. Niliingia uani kwa mzee nikiwa juu ya kiti, dumu limejaa, na wazee watatu aliowaita waje kuona nikianguka walikuwa wamekaa kwenye benchi.

Mzee alikwenda moja kwa moja kwenye tairi.

"Una pancha."

"Sina, baba."

Akabonyeza. Gumba likazama. Akanitazama kama aliyenikamata na kuku wa mtu. "Kijana, huu ni uharibifu."

"Lakini amefika," mmoja wa wazee akasema, macho yake kwenye dumu.

Mzee akafikiri. Alikuwa mtu wa kufuata maagizo. "Nilisema juu ya baiskeli. Sikusema baiskeli ya namna gani." Akaita vibuyu.

Walikunywa mpaka mchana ukageuka. Nilipoaga, mzee akaingia ndani akatoka na pampu yake ya utarishi. "Mkwe wangu haondoki kwangu na tairi la namna hiyo," akasema. Neno mkwe nililisikia vizuri. Akavua koti, akajaza mwenyewe, jasho linamtoka, mpaka tairi likawa jiwe. Nikasema ahsante, baba. Ningesema nini kingine? Kutoa upepo ule mbele yake ni sawa na kutema chakula chake. Na mbele yangu kulikuwa na mteremko wenye mawe yaliyolowa, tairi gumu, na breki ya nyuma nimeing'oa mwenyewe.

Binti akaja kunifungia dumu tupu kwenye keria. Alivuta kamba bila kunitazama.

"Ukishapita migomba ya kona hawakuoni," akasema chini chini. "Toa upepo hapo."

Nilipanda. Nilikwenda mpaka kwenye kona nikiburuza kiatu, nikapita migomba, nikashuka, nikalegeza valvu. Tairi likalia ssss. Kutoka juu nilimsikia mzee anawaambia wenzake, "Mnaona? Sasa linakwenda."

Nikaacha lilie mpaka gumba likazama nusu ya kucha, nikafunga, nikateremka kwenda kumwambia mjomba kwamba nimepata mke.