Mafuta ya Delu

Hapa Kano, Malam Barau alisifika kwa ngozi nyekundu za mbuzi, laini kama kitambaa. Akiulizwa siri, alikohoa kidogo: "Ni mikono ya ukoo wetu." Mafuta ya karanga aliyozipaka hayakuwa na ukoo. Yalikamuliwa na mkewe, Delu, na karibu yote yakaishia kwenye ngozi. Mbuzi waliokufa walilainika, visigino vya Delu vikapasuka.

Mwaka huo mkuu wa wapanda farasi akaagiza ngozi kumi na mbili za matandiko ya gwaride la Idi. Zikimpendeza, Barau angekuwa fundi wake kila mwaka. Zikiharibika, kazi ingekwenda kwa Gwadabe, jirani yake kwenye mashimo ya kulowekea ngozi, ambaye walisalimiana naye msikitini tu, tena kwa shida.

Mara mdogo wake Delu akajifungua kwa mama yao. Delu akatakiwa akamtunze siku arobaini.

"Nenda," Barau akasema. "Kwani ngozi zinatengenezwa na wewe?"

Delu akaenda. Hakuacha hata tone.

Mafuta sokoni yalikuwa ghali, na Barau mkono wake ni wa birika. Akaja kwangu, mimi mkaanga bagia, kuomba mafuta yaliyochakaa.

"Ya nini, Malam?"

"Ya taa."

Nani anawasha taa ya mafuta siku hizi? Sikuuliza. Yalikuwa yananijazia ndoo.

Akayapaka kwenye ngozi zilizokwisha kukauka juani. Ngozi hupakwa ingali na unyevu, kivulini, maji yakitoka mafuta yaingie. Hilo Delu alimpigia kelele miaka ishirini, naye alidhani ni kelele tu. Basi juu zikanata, ndani zikawa mbao, na mtaa mzima ukanukia vitunguu. Paka watatu wakahamia uani kwake.

Mtumishi wa mkuu akaja kukagua. Akanusa.

"Malam, farasi tumtandike au tumle?" Akampa siku nane.

Barau akamfuata mkewe, akasimama nje ya ua wa mkwe, macho chini.

"Rudi nyumbani, Delu."

"Siku zangu hazijaisha. Zilete ngozi hapa."

"Hapa? Kwa mama mkwe?"

"Basi mpelekee Gwadabe."

Akazileta. Mwanamume ambaye hajawahi hata kunywa maji katika ua ule, sasa alichuchumaa humo amekunja suruali, akiosha ngozi kwa sabuni, akizipaka mafuta mapya ya karanga aliyokamua Delu, akizivuta na kuzifikicha. Delu alikaa na mtoto mapajani, akiamuru. Mama mkwe naye, kwa heshima, alijificha nyuma ya mkeka, ila sauti haikujificha.

"Delu, mwambie mumeo avute kwa nguvu. Hajala?"

"Amekula, Mama. Hajazoea."

Siku ya nane mtumishi akaja kuzichukua huko huko. Akaikunja moja, ikajilaza mkononi.

"Mwaka ujao zitengenezwe hapa hapa," akasema akimwelekea Delu, "na huyu mama asimamie."

"Inshallah," akajibu Barau, kama aliyemezeshwa shubiri.