Mlango Uliong'aa

Juzi pale Mombo nilimkuta mtu akipaka gari nta, na ile harufu ikanirudisha Lushoto, kwenye ofisi ambako baba alikuwa dereva. Nilikuwa nimewaleta wenzangu wa shule waone gari letu, maana kwa jinsi baba alivyolisugua kwa kipande cha kanga ya mama, niliamini ni letu.

Mkubwa wake wa kazi akatoka, kijana wa rika la kaka yangu. Pale ofisini wote waliitana ndugu, lakini baba alivua kofia.

"Shikamoo, mzee," baba akamwamkia.

"Marahaba." Yule kijana akaichukua ile kanga, akafutia viatu vyake, akarudi ndani.

Wenzangu wakacheka. Nikatamani ardhi inimeze. Macho yangu na ya baba yakakutana kwenye mlango wa gari uliong'aa kama kioo. Akachota nta, akapaka palepale penye uso wake.

Wakati ule nilidhani hapajang'aa.