Kambare wa Picha

Kambare aliyekuwa akinuka kama mzoga alikuwa bado anapumua.

Mukamurenzi alikuja kujua sababu wakati ameshambusu.

Jumamosi ile, karani huyu wa Rugerero alikuwa amejiunga na kundi la Régis, wavuvi wa kujifurahisha, ufukweni Nyamyumba. Mtandaoni kundi linasifika: wanavua kwa ndoano, wanapiga picha, wanamrudisha samaki ziwani akiwa mzima. Yeye, aliyechoshwa na watu wanaozoa mpaka samaki wachanga kwa vyandarua, akaona hapa sasa kuna watu.

Régis aliichukua ndoano ya Mukamurenzi, akaingia nayo nyuma ya jiwe kubwa.

"Nikuwekee chambo muzuri, dada."

Punde akapiga kelele. "Vuta! Vuta, dada, amekamata!"

Akavuta. Kambare huyo, mnene kama paja! Kundi likashangilia.

"Lowesha mikono kwanza," Régis akahubiri mbele ya simu. "Usimukawize ku jua. Bon, mubusu, kisha umuachilie. Hii ziwa ni yetu sisi wote."

Harufu ilimpiga Mukamurenzi puani. Akajisemea, si samaki tu? Akafumba macho, akabusu. Akaachia. Makofi.

Akazunguka jiwe kunawa.

Régis alikuwa amechuchumaa, anavuta majini uzi mwembamba wa nailoni, usioonekana kirahisi. Mwisho wa uzi, umefungwa mkiani, kambare yuleyule.

Mdomo matundu matupu. Nyama imegeuka nyeupe, inamomonyoka. Jicho moja halipo.

Mukamurenzi alitapika hapohapo.

"Yoo! Pole pole, sha," Régis akanong'ona. "Kukamata samaki ni kazi nguvu. Watu wanapenda picha. Hatumukule, hatumuue. Mubaya iko wapi?"

Mukamurenzi aliokota jiwe, akamponda kambare kichwani mara moja, akambeba hadi kwa wenzake huku machozi yanamtoka.

"Huyu ndiye mnayemwachilia! Alikuwa amefungwa kamba!"

Hakuna aliyeshtuka hata kidogo.

Kisha Nyiraneza, rafiki yake aliyemwingiza kundini, akakunja uso.

"We Mukamurenzi! Sasa umemuua, na mi zamu yangu ilikuwa bado!"

Walikuwa wanajua. Wote.

Alirudi kwa pikipiki, njia nzima anasugua midomo kwa mkono wa shati.

Ndugu yangu, ukivua kwa starehe, mwachie samaki aende kweli, hata kama hakuna simu inayokutazama. Ukishindwa, mpike umle, hakuna atakayekulaumu.

Ila kumtesa, halafu ujiite mwenye huruma? Hapo umenishinda tabia.