Nilivyokwenda Ukweni na Chupa Yangu

Mimi nilianza kwa kubeba matenga ya samaki pale Mwaloni, Kirumba. Darasa la nne niliagana nalo bila kugeuka nyuma, na leo malori yangu yanafika hadi mipakani. Sijivuni, nasema tu kilichopo. Anayebisha aje sokoni aulize. Hata kitambi nilikijenga mwenyewe kama nilivyojenga nyumba: asubuhi sato wa kukaanga, mchana ugali wa mlima, jioni nyama choma. Wapagazi wakiniona nakata kona, tumbo likitangulia, walikuwa wanapiga kelele, "Bosi amefika nusu! Nusu nyingine iko njiani!"

Ikafika siku magoti yakagoma na sukari ikapanda. Daktari, kijana ambaye ningeweza kumbeba kwa mkono mmoja, akaniambia niache chakula.

"Chakula kipi?"

"Chote, mzee wangu."

Akanieleza. Kwa wiki kadhaa ningeishi kwa pakiti za unga maalumu wa kukoroga na maji, na maji mengi juu yake, basi. Yeye angenipima damu na kunipunguzia mwenyewe dawa za sukari, nisije nikaanguka. "Huu mlo haufanywi kienyeji," akasema. "Na usidokoe. Wagonjwa wangu wengi huharibu kwa kudokoa."

Nikamwambia wengi hao si mimi.

Siku za mwanzo, ndugu zangu, niliteseka. Jirani akikaanga vitunguu, mimi natokwa na machozi kumshinda yeye anayevikata. Mke wangu alianza kufunga dirisha la jikoni na kula amenipa mgongo, kama mwizi. Lakini njaa nayo ina mwisho. Asubuhi moja niliinama nikafunga kamba za viatu bila kumwita mtu. Nikazifungua nikazifunga tena, kwa raha tu. Nikapanda ngazi za mawe kwenda kwangu mlimani bila kusimama, na huko juu nikaliangalia ziwa kama vile nimelinunua.

Katikati ya mlo huo ndipo ikafika siku ya kwenda Sengerema kujitambulisha. Mwanangu wa kwanza alikuwa amepata binti, na kwa binti huyo alikuwa hasikii wala haoni. Mshenga wetu, rafiki yangu tangu enzi za matenga, alinionya tukiwa kwenye kivuko: "Pale baba wa binti anaongea, lakini anayeamua ni bibi yake huyo binti. Akisema hapana, tunarudi na vitenge vyetu."

Tukapokewa vizuri sana, mimi, mke wangu na mshenga. Nikapiga goti mbele ya bibi, nikamwita mama kwa Kisukuma. "Shikamoo, mayu." "Marahaba, baba. Karibu kwako." Kikaja chakula: kuku wa kienyeji, ugali, michembe ya viazi vikavu, mtindi. Watu wakanawa. Mimi nikatoa chupa yangu mfukoni, nikamimina unga, nikatia maji, nikaanza kutikisa. Chaka-chaka, chaka-chaka.

Sebule nzima ikanigeukia. Nilikuwa nimezoea kutikisa kwangu, kumbe ukweni, unga usiojulikana ukitikiswa namna ile mbele ya chakula cha watu, sura yake ni nyingine kabisa. Shangazi mmoja akavuta mtoto wake pembeni.

"Hiyo ni kinga?" bibi akauliza taratibu. "Mkwe anaogopa kulishwa sumu kwangu?"

"Hapana, mayu! Ni dawa ya kitambi."

"Kitambi kina dawa?" Akageukia wenzake. "Mwaka huu tutasikia mengi."

Halafu akanyanyua bakuli dogo akaliweka mbele yangu. Ndani kulikuwa na firigisi. Kila mtu anajua: firigisi ni ya mwanaume mgeni wa heshima, na mwanamke wa kwetu anaipika maisha yake yote bila kuionja. Kuikataa ni kuukataa mji.

Mshenga akaniinamia sikioni. "Meza tu! Daktari yuko ng'ambo ya ziwa."

Mke wangu akanibana paja. Nikamfikiria mwanangu nyumbani, ameishika simu anasubiri. Nikamfikiria na daktari pia. Mate yalinijaa mdomoni. Hapo nikasimama, nikaivuta suruali yangu mbele ya wakwe wote, na katika uwazi ule wa kiunoni ungeweza kuingiza jogoo mzima.

"Mayu, huyu aliyekuwa anajaza humu alikuwa anakaribia kufa. Namfukuza ili niwaone wajukuu zangu, na wajukuu hao nataka watoke kwenye nyumba hii. Firigisi nimeipokea kwa mikono miwili. Ni yangu?"

"Ni yako."

"Basi na mimi nampa aliyenilelea mkwe." Nikamwekea bibi bakuli mapajani.

Baba wa binti alifungua mdomo, bibi akamtazama, akaufunga. Bibi akaichukua firigisi, akaigeuza, akaing'ata. Akatafuna taratibu, macho kayafumba.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe ndicho mlichokuwa mnatuficha miaka yote!"

Wanawake wakapasuka kwa vigelegele, mke wangu akiwa wa kwanza. Shangazi yule akauliza kama kuku mwingine hayupo. Bibi akajilamba kidole akasema, "Kijana wenu aje mwenyewe, binti yupo. Baba kama huyu hamnyimi chakula mtoto wa mtu."

Mshenga akakimbilia nje kupiga simu. Tukabaki tunacheka, mimi na chupa yangu, wao na sahani zao, hadi baba wa binti akanisogelea, uso umemshuka.

"Mkwe, umeniponza. Firigisi ya nyumba hii sitaiona tena mpaka nife."

Nikamsogezea chupa. "Onja huu. Ni wa vanila."