Mbambu na Neno la Mwisho

Huku kwetu Bunia mtu haachwi amalize sentensi peke yake. Mwalimu akisema, "Jua linachomoza upande wa masha…", darasa zima linaitika, "riki!" Padri naye hivyo hivyo kwenye mahubiri. Kumwacha mwenzako ahangaike na neno mdomoni bila kumsaidia ni kiburi, na Mama Paluku, jirani yangu wa meza sokoni, hakuzaa watoto wenye kiburi.

Sasa binti yake Mbambu anataka saikolojia ya mahakama, kazi ya kuongea na mashahidi na washtakiwa ili hakimu ajue ukweli umelala wapi. Masomo ya kwanza ya saikolojia amemaliza. Masta, yaani shahada ya pili, iko Kisangani, na profesa wa huko hampokei mtu kabla hajamwona akihoji shahidi. Mara ya kwanza Mbambu alianguka mtihani huo. Shahidi alisema, "Mwizi aliingia kwa di…" Mbambu akadakia, "Dirisha!"

"Sasa shahidi ni nani," profesa akauliza, "yeye ao weye?"

Ilibaki nafasi moja tu. Mbambu akaanza mazoezi kwenye meza ya mama yake. Mteja anasema, "Nataka kile kitenge cha maua me…" Mbambu kimya, anatabasamu. Mteja anangoja, Mbambu anangoja. Wateja wakahamia kwangu, nami sikulalamika.

"Mutoto yangu iko mugonjwa?" Mama Paluku aliniuliza. "Ao iko na kasirani?"

"Iko anasoma," nikamjibu.

"Kusoma gani kwa kufukuza batu? Abakie hapa, auzishe."

Siku ya jaribio la pili profesa alikuja mwenyewe Bunia, nasi tukajaa kwenye ukumbi wa parokia. Shahidi alikuwa Mama Hortense, mwigizaji wetu hodari. Kisa alipewa na profesa, wala Mbambu hakukijua, wala sisi. Alieleza jinsi alivyorudi kutoka kuchota maji akakuta mtu anatoka nyumbani kwake na redio.

"Nikamuangalia muzuri. Alikuwa mutu wa…"

Akanyamaza. Ee ndugu zangu! Katika mji huu, baada ya vita vyote hivi, neno la kumalizia hapo kila mtu analo tayari: kabila la jirani. Mimi sikulitafuta, lilikuja lenyewe. Mama Paluku, kando yangu, akalinong'ona kabisa. Mbambu naye alikuwa nalo, nilimwona akimeza mate. Lakini alitulia, mikono magotini, akimtazama yule mama kwa upole, mpaka sisi tukaanza kujisogeza vitini.

"…mutu wa nyumba yangu," Mama Hortense akasema. "Mutoto yangu wa kwanza."

Profesa akasimama, akatangaza kwamba Kisangani wanampokea. Watu wakapiga makofi. Mama Paluku hakupiga. Alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge. Tulipotoka nje akamshika binti yake mkono.

"Enda, mama," akamwambia. "Enda usome. Mutu hana kosa, na mimi nilikuwa nimeisha kumufunga."