Dereva wa Kwenye Bima

Wifi yangu Mwanabaraka ndiye dereva mzuri kuliko sote tuliotoka Unguja tukaja kuishi Walthamstow huku ughaibuni, nami nasema hivi kwa uchungu, maana mtihani wa udereva ulinishinda. Mumewe, kaka yangu Muhiddin, leseni anayo lakini haendeshi. Siku aliyoipata aliingia kwenye kipilefti, akazunguka, akazunguka tena, asijue pa kutokea, huku watu wakimpigia honi. Tangu siku hiyo akaiweka leseni kabatini.

Lakini kaka yangu anapenda ukubwa. Wakienda kutembelea watu, Mwanabaraka husimamisha gari kwenye kona ya mwisho, wakabadilishana viti, naye Muhiddin akalifikisha mlangoni, mkono mmoja kwenye usukani. Akishuka hujipangusa jasho na kuilalamikia foleni. Wifi husimama nyuma yake na mkate wake wa kumimina. Mimi hutamani kupasuka kwa kicheko.

Kwenye bima nako ikawa vivyo hivyo. Kampuni huuliza dereva mkuu ni nani, yaani yule anayelitumia gari zaidi, na kaka alijitaja yeye. Mke aliandikwa chini yake, dereva wa ziada. Wenyewe hawakuona kuwa ni uongo, waliona ni adabu: mwanamume atatajwaje nyuma ya mkewe? Bima yenyewe ilikuwa ile ndogo inayolazimishwa na sheria, inayomlipa uliyemgonga, wewe ikakuacha na mabati yako.

Kisha Mwanabaraka akapata kazi aliyoitamani kwa muda mrefu, ya kuwahudumia wazee majumbani mwao. Ofisi ikataka cheti cha bima chenye jina lake kama dereva mkuu, tena kinachoruhusu gari litumike kazini. Bila cheti, kazi apewe mwengine.

Akaipigia simu kampuni Jumamosi, mikono imejaa unga, kwa hiyo simu ikawekwa mezani kwa sauti kubwa. Kaka alikuwa pale pale anakunywa kahawa na rafiki yake Matar, nami nimekaa nao. Karani wa bima, kijana aitwaye James, akaeleza vizuri tu. Ipo bima kubwa, inayotengeneza na gari lako pia, na juu yake ruhusa ya kazini. Akataja bei, wifi akashika kiuno.

"Nimeendesha miaka yote hii sijagusa hata kioo cha mtu," akasema. "Hilo halinipunguzii?"

"Punguzo ni la mwenye bima, bibi. Ni la Bwana Muhiddin."

Hapo nilikasirika kweli. Mtu hajakanyaga breki, anazawadiwa kwa kutogonga!

"Sasa nataka kujua," akaendelea James, "nani hasa analiendesha gari hili? Mkinidanganya, siku ya ajali kampuni inaweza kukataa kulipa."

Mwanabaraka angeweza kujibu. Kazi yake ilikuwa inaning'inia kwenye neno moja, na bado alimtazama mumewe, akamngoja.

"Si huyu Muhiddin?" akadakia Matar. "Juzi tu kanambia kaendesha kutoka Harrow, kachoka hoi. Main driver ni yeye."

Kaka aliizungusha kahawa yake. Nilimwona anavyohangaika, na ingawa nimemcheka miaka mingi, nilimwonea huruma.

"Ni mke wangu," akasema mwisho, kwa sauti ndogo. "Siku zote ni yeye. Mimi naziogopa njia za huku."

Matar akainamia kikombe chake. Tukamsikia James anaandika, kisha akauliza kama Bwana Muhiddin sasa aondolewe kabisa.

"Niondoe," akasema kaka.

"Mwache," akasema Mwanabaraka. "Muandike chini yangu."

"Itaongeza bei kidogo, bibi."

"Iongeze."

Kaka akamgeukia. "Utamlipia mtu asiyeendesha?"

"Umri unakwenda, Muhiddin. Siku nikianguka mimi, nani atanipeleka hospitali?"

Kaka aliinuka, akavaa viatu, akachukua ufunguo, kisha akasimama mlangoni.

"Njoo ukae ubavuni kwangu," akamwambia.

Mwanabaraka akanawa unga, akamfuata. Mimi nikabaki na simu, namtajia James jina la mwenye bima mpya herufi moja moja, huku machozi yananitoka.