Maua ya Chokaa Mlangoni

Kila asubuhi mfagiaji huyazunguka magofu ya ikulu ili aingilie pale palipokuwa na mlango, ingawa kuta zilizobaki hazimfiki magotini na wageni huziruka tu. Kizingitini huinama, na vidole vyake vyenye sugu hudondosha unga wa chokaa, vikichora maua kama yale yanayochorwa kila siku mbele ya nyumba zote za kijijini.

“Mama, mfalme ameamka?” mlinzi humtania.

“Ameamka. Anauliza mbona wewe bado unasinzia.”

Sharvani, mwanafunzi aliyekuja kupima magofu, alizijua habari za wafalme hao: walianza na kilima kimoja, wakatawala kutoka bahari hadi bahari, wakashindwa vita moja, mji ukachomwa. Jana alimsikia msimamizi akimwonya mfagiaji kwamba chokaa inachafua mawe. Akichora tena, atafute kazi kwingine. Leo amechora, tena maua makubwa kuliko ya jana.

“Mama, unamchorea nani?” Sharvani aliuliza kwa sauti ndogo. “Wenyewe walikufa zamani.”

Mfagiaji alipangusa vidole kwenye sari.

“Nyumba yenye msiba ndiyo haichorewi maua, mwanangu. Msiba wa hapa ulishakwisha.”